Gari la Mzee Haliguswi

Kila Jumamosi, kabla jua halijaruka ukuta wa jirani, Mzee aliosha gari lake bila kuligusa. Nasema bila kuligusa, na asije mtu akadhani natia chumvi. Mzee yule angeweza kulimaliza gari zima, kuanzia paa hadi tairi, na mkono wake ukawa umekutana na rangi mara chache tu za kuhesabika.

Ng'ambo ya ua, barazani, binti yake wa kwanza alikuwa ameinamia cherehani. Watu walimwita Sindano, kwa kazi yake na kwa ulimi wake, na yeye hakuwahi kukana, maana vyote viwili vilikuwa vya kweli. Asubuhi za Jumamosi alijiwekea kazi nyepesi, pindo za mashuka na mapazia, kazi ambazo mikono yake ilizijua hata akiwa amefumba macho. Macho yalikuwa na shughuli nyingine. Yalikuwa yanamwangalia wifi yake.

Tuambiane ukweli mapema. Sindano alikuwa na wivu, na si wivu wa kutaniana. Ulikuwa ule wa kukaba roho, wa kumfanya mtu mzima wa miaka thelathini na tisa ahesabu ni mara ngapi baba yake amecheka na mtu mwingine tangu asubuhi.

Wifi huyo, mke wa mdogo wake, alikuwa amehamia pale miezi minne iliyopita, kwa kuwa mumewe alikuwa anatengeneza mitambo huko mbali na kurudi nyumbani mara mbili kwa mwaka. Alikuwa muuguzi wa wodi ya watoto njiti, wale wanaozaliwa kabla ya wakati. Jumamosi yake ya kwanza alirudi kutoka zamu, sare haijavuliwa, akakaa kwenye ngazi akamtazama Mzee kazini. Mtu mwingine angecheka, au angesema kwamba kuna watu wenye nafasi ya kupoteza muda. Yeye alitazama mpaka mwisho, kisha akasema, kwa sauti ya mtu aliyechoka, kwamba hivyo ndivyo wanavyofundishwa kumhudumia njiti. Mtoto wa namna ile hashikwishikwi ovyo. Unaandaa kila kitu kwanza, unaingiza mkono mara moja, unafanya yote, unatoka, unamwacha apumzike.

Mzee alimgeukia na mpira wa maji ukiwa unamwagika miguuni pake. Miaka yote watu walikuwa wamemwambia ana wazimu kidogo, na leo mtu wa hospitali anamwambia ana ujuzi. Jumamosi iliyofuata wifi alikuwa ameshika ndoo. Ya tatu, alikuwa ameshika taulo. Na ilikuwa Jumamosi hiyo ya tatu ambapo Sindano, mguu ukiwa kwenye pedeli, alimsikia baba yake akiita, "Mama, nisogezee maji," akainuka kuitika, maana baba alimwita hivyo tangu utotoni, akakuta aliyeitwa si yeye. Alikaa tena. Siku hiyo alishona pazia la mtu upande wa ndani ukiwa nje, akalazimika kulifumua lote.

Sasa jiweke mahali pake. Nani aliyekuwa anampikia Mzee tangu mama yao afariki? Sindano, aliyerudi nyumbani ndoa ilipomshinda. Nani alikuwa anampangia dawa zake, za asubuhi kwenye kisahani cha bluu na za jioni kwenye cheupe? Sindano. Nguo zake zilifuliwa na nani, vifungo vyake vilishikizwa na nani? Halafu mtu aje na sanduku lake la juzi, apewe taulo. Taulo ambalo yeye hakuwahi kuruhusiwa hata kulianika.

Lakini donda hilo halikuanza na wifi, na Sindano mwenyewe alilijua hilo kila alipotazama kidole chake kidogo cha mkono wa kulia, kile kilichopinda.

Alipokuwa na miaka minane, gari lile halikuwa lao. Baba yake alikuwa dereva wa mkurugenzi wa benki, na gari, lililokuwa jipya wakati huo na jeusi la kujitazamia, lililala kwao Ijumaa ili lioshwe Jumamosi. Siku hizo Mzee aliosha kama waoshavyo watu wote, kwa ndoo moja na brashi ya mti. Asubuhi moja mama yao alimwita ndani kunywa chai. Mtoto akabaki uani, akaona mlango mmoja wa nyuma haujaoshwa. Alitaka baba akitoka akute kazi imekwisha. Na yeye kazi ya kung'arisha aliijua: masufuria ya nyumba ile yalisuguliwa kwa kitambaa na mchanga laini uliochekechwa, yakatoka yanawaka. Akachota mchanga, akasugua mlango, duara juu ya duara, kwa moyo wake wote.

Baba yake alitoka na brashi mkononi. Aliupiga ule mkono ulioshika kitambaa, pigo moja tu. Hakuwahi kumpiga kabla ya siku hiyo, na hakumpiga tena baadaye. Kidole kilivunjika, kikaunga vibaya.

Wiki iliyofuata brashi haikuonekana tena. Badala yake Mzee alikuja na bomba la kunyunyizia dawa bustanini, lile la kupampu kwa mkono, ambalo mpaka leo halijawahi kuonja dawa. Akaanza mtindo wake mpya. Na binti alipojaribu kusogea na kopo lake la maji, aliambiwa maneno mawili tu: gari haliguswi. Mkurugenzi alistaafu, Mzee naye akastaafu, gari likachakaa mpaka ofisi ikampa alichukue, na maneno yakabaki yale yale. Sindano alikua nayo, akaolewa nayo, akarudi nayo. Mlangoni mwa moyo wake yalikuwa na maana moja: wewe huligusi.

Sasa sikia ilivyokuwa Jumamosi yenyewe.

Macho ya Mzee yalikuwa yameingia ukungu. Mtoto wa jicho, daktari alisema, na Jumanne angefanyiwa upasuaji wa jicho la kwanza, kisha la pili. Kwa wiki nyingi baada ya hapo asingetakiwa kuinama, kubeba ndoo wala kukaa kwenye vumbi. Jumatano, wakati wa chakula cha jioni, Mzee alifuta mdomo akatangaza kwamba Jumamosi ataikabidhi glavu. Hakusema kwa nani. Wifi alitazama sahani yake. Sindano aliondoa vyombo kabla watu hawajamaliza kula.

Hiyo glavu, kwa asiyeijua, ilikuwa ya manyoya marefu laini, na ndiyo kitu pekee kilichoruhusiwa kugusa rangi ya gari lenye povu. Ilikaa ndani ya mfuko wa kitambaa, kwenye msumari stoo. Jumamosi alfajiri, chai ikichemka, Sindano aliingia stoo na kiganja kilichokunjwa. Ndani ya kiganja kulikuwa na mchanga, kidogo tu, wa vidole vitatu, aliouchota kwenye mkebe chini ya karo la nje. Ndiyo, ule ule wa masufuria. Aliufungua mfuko, akausukuma mchanga ndani ya manyoya kwa kidole chake kilichopinda, mpaka usionekane wala usidondoke. Akaning'iniza mfuko kama alivyoukuta.

Hakuwa na nia ya kuliharibu gari, alijiambia. Mikwaruzo miwili mitatu juu ya boneti. Mzee angeipapasa, angegeuka, angemwambia na huyu yale maneno mawili, na jina la mama lingerudi kwa mwenyewe. Alikunywa chai yake yote siku hiyo, na sukari alitia mara mbili bila kujua.

Kazi ikaanza. Kwanza maji, kutoka juu kwenda chini, kuondoa vumbi lililolala. Kisha povu kutoka kwenye bomba, zito, jeupe, mpaka gari likawa halijulikani mbele wala nyuma. Mzee akakaa kwenye kigoda chake kusubiri, maana alikuwa na msemo wake kwamba sabuni ikifanya kazi mtu hana haja ya kutoka jasho. Povu liliposhuka na uchafu wake alisuuza, akatandaza povu la pili, jembamba, la kupitia glavu. Ndoo mbili zilikuwa tayari, moja ya sabuni na moja ya maji matupu. Wifi aliufungua mfuko, akaitoa glavu, akaiweka juu ya ukingo wa ndoo ya sabuni. Barazani cherehani ilikuwa inakwenda, lakini haikuwa na kitambaa chini yake.

"Mama," Mzee akaita. "Vaa glavu."

Wifi akanyoosha mkono.

"Wewe kaa na taulo, mwanangu. Namwita dada yako."

Cherehani ilisimama. Sindano akainuka. Alitembea kuvuka ua, hatua kama ishirini hivi, na kila hatua alitamani iwe ya kurudi nyuma. Miaka thelathini na moja alikuwa ameisubiri sauti ile imwite kwenye gari lile. Alikuwa ameiota. Na leo imeita, na yeye mwenyewe ameitilia mchanga.

Aliivaa glavu. Aliichovya kwenye maji matupu, akaikamua, akaichovya tena, lakini mchanga ulikuwa umeingia hadi kwenye mashina ya manyoya, na yeye ndiye aliyeusukuma. Aliuhisi ukisagika alipokunja vidole. Mzee alikuwa amesimama pembeni, kichwa kimeinama upande mmoja. Siku hizo alikuwa anasikiliza zaidi ya kuona.

"Anzia kwenye paa," alisema taratibu. "Mstari mmoja, ulionyooka. Usikandamize. Uzito wa glavu unatosha."

Sindano aliinua mkono mpaka ukabaki na nafasi ya upana wa kidole kati yake na gari. Alifikiria kupitisha kidogo tu. Alifikiria kusema anaumwa. Kisha akakumbuka sharti kubwa kuliko yote ya Mzee, lile ambalo hata watoto wa majirani walilijua: kilichoanguka chini, kiwe glavu au taulo au kitambaa cha nta, siku hiyo hakirudi kwenye gari, hata kama kimeanguka pale palipodekiwa sasa hivi. Akalegeza vidole. Glavu ikaanguka kwenye sakafu ya simenti.

"Imeniponyoka, baba."

Mzee aligeuza sikio kule ilikoanguka. Huyu alikuwa mwanamke anayetunga uzi kwenye sindano huku anaongea na wateja wawili. Mabega ya Mzee yalishuka kidogo, na Sindano aliyaona yakishuka.

"Basi," alisema. "Leo haifai tena."

Wifi ndiye aliyeinama kuiokota. Aliishika kama alivyozoea kushika vitu, polepole, na vidole vyake vikatulia. Akaibonyeza mara moja. Akamtazama Sindano, muda mfupi tu, kisha akaenda nayo kwenye bomba la karo, akaigeuza, akaifungulia maji mengi. Alipopita karibu alisema chini chini, bila hasira, na hilo ndilo lililouma, "Hii nilitegewa mimi, sivyo, wifi?" Halafu akapaza sauti na kumwambia Mzee kwamba asijali, ataitakasa, itakuwa tayari wiki ijayo.

Angelalamika, Sindano angejua la kufanya. Ulimi wake ulikuwa tayari kwa ugomvi. Wifi angemwambia Mzee kila kitu, angalau wangechukiana na mambo yakawa sawa. Lakini kufichiwa aibu na mtu unayemwonea wivu! Hilo Sindano hakuwa na kifua nalo.

"Baba, nimeiangusha makusudi," alisema. "Ina mchanga. Nimeutia mimi asubuhi, ili wifi alikwaruze gari."

Maji ya karo yakafungwa. Mzee akasema povu linakauka, mtu alisuuze gari kwanza. Ndivyo alivyokuwa. Wifi akashika mpira, akasuuza kuanzia juu kwenda chini mpaka maji yakaacha kutiririka.

"Mchanga upi?" Mzee akauliza.

"Wa masufuria."

Mzee alitikisa kichwa kwa namna ambayo Sindano hakuielewa. Aliingiza mkono kwenye mfuko wa shati, akatoa mfuko wa plastiki mwembamba aliokuwa akitembea nao kila Jumamosi. Hiyo ilikuwa hila yake nyingine. Alisema mkono mtupu hudanganyika, lakini mkono ulio ndani ya plastiki unahisi hata punje moja iliyobaki kwenye rangi. Safari hii hakuuvaa yeye. Aliutafuta mkono wa kulia wa binti yake, akauvisha, kidole kwa kidole, na alipofika kwenye kile kilichopinda alikawia. Kisha akamwongoza kwenye mlango wa nyuma wa kushoto, akauinamisha mkono mpaka chini ya ule mstari wa chuma unaong'aa.

"Papasa."

Alipapasa. Mwanzoni palikuwa laini. Halafu akaihisi mikwaruzo, midogo, mingi, imezungukana: duara juu ya duara. Alidhani ilishaondolewa zamani. Alidhani mlango ulishapigwa rangi kabla kidole chake hakijafunguliwa bandeji.

"Ofisi walitaka kuupaka rangi," Mzee alisema. "Nikawaambia nimeukwaruza mimi, nitautengeneza mwenyewe. Sikuutengeneza. Kila Jumamosi nikifika hapa napaka nta, na kidole chako kinanijia."

"Mimi nilijua hujanisamehe."

"Nikusamehe nini? Nilimvunja mtoto kidole kwa ajili ya gari la mtu. Brashi ile niliitia motoni jioni ile ile. Nikasema gari hili nitaliosha kwa namna ambayo mkono haukosei tena. Nilipokwambia haliguswi, nilikuwa naogopa mkono wangu, mama. Si wako."

Sindano alibaki amechutama, mkono kwenye plastiki, plastiki kwenye mlango. Kitu cha kwanza kilichompanda hakikuwa upole, nisikufiche. Ilikuwa hasira. Miaka thelathini na moja barazani, akishona pindo, akimchukia kila aliyeshika ndoo, kwa sababu ya maneno ambayo yangeweza kusemwa asubuhi moja tu kabla ya chai.

"Ungeniambia, baba."

"Ningekuambia," Mzee akakubali. "Hata leo nilitaka glavu ikuambie kwa niaba yangu. Nayo ukaitilia mchanga."

Wifi alicheka kwanza. Alijaribu kujizuia, akashindwa, akageukia karo. Sindano alimkata jicho, lakini jicho lenyewe lilikuwa limelowa na halikukata vizuri. Alifuta pua kwa bega. Kisha akamwambia wifi, akiwa bado ameelekea mlangoni, kwamba alimkosea, na kwamba angemuumbua mbele ya baba bila haya. Wifi alisema anajua. Alisema pia kwamba wodini kwao mtu akifanya hivyo hufukuzwa siku hiyo hiyo, na hakutabasamu alipolisema. Sindano alilipokea. Ilikuwa haki yake kulipokea.

Mzee aliuvua ule mfuko kutoka kwenye mkono wa binti yake, akaukunja mara nne, akaurudisha mfukoni.

"Glavu haifai leo," alisema. "Kiganja kinafaa. Sabuni nyingi, na usikandamize."

Hivyo ndivyo gari la Mzee lilivyooshwa kwa mkono mtupu siku ile, mara ya kwanza tangu brashi ichomwe. Wifi alichota maji, Sindano alipitisha kiganja, mstari mmoja mmoja, ulionyooka, akikirudisha ndooni kila baada ya mstari. Mzee alifuata nyuma akisikiliza. Walipofika kwenye boneti alisimama.

"Hapa umepita mara mbili."

"Nimepita mara moja, baba."

"Mbili."

Zilikuwa mbili. Sindano alifurahi kuliko kama angesifiwa, kwa kuwa kukosolewa kwa namna ile alikuwa amekusikia kwa miezi minne kukienda kwa mwingine.

Gari liliposuuzwa, jua lilikuwa limeanza kushika ukingo wa ukuta, na maji hayakutakiwa kukaukia kwenye rangi.

"Mama," Mzee akaita, "taulo."

"Abee," wakaitika wote wawili.

Walitazamana. Mzee hakufafanua, na sijui kama hata yeye alijua amemwita nani. Wifi ndiye aliyekuwa na taulo begani. Lilikuwa taulo kubwa kama shuka, na miaka yote Mzee alilitandaza peke yake, upande mmoja ukimsumbua. Wifi akashika pembe mbili, akamnyooshea Sindano pembe nyingine mbili. Wakalinyoosha juu ya paa, wakalishusha taratibu likajilaza, wakalipigapiga kwa viganja, kila mmoja upande wake.

Mkono wa wifi ulikuwa mwepesi zaidi. Sindano aliliona hilo mara moja, na likamchoma pale pale lilipokuwa likimchoma kila Jumamosi, ingawa safari hii hakuondoa mkono wake kwenye taulo.

"Nyanyueni," alisema Mzee, na wakanyanyua.